Kimya cha Baba Mdogo

Mwezi uliopita, katika ukumbi mmoja wa mikutano kule mtaa wa Remera, mwanamke aliyeitwa na ofisi yetu kutufundisha namna ya kuzungumza mbele ya watu alinikatiza katikati ya sentensi. "Dada, punguza kasi," alisema. "Ukimaliza wazo, nyamaza. Hesabu moja, mbili, tatu. Ndipo uendelee." Nikamuuliza kwa nini tatu. Kwa nini si mbili, au saba? Nani alikaa akapima? Wenzangu walicheka, wamenizoea. Yeye akasema watu wanahitaji nafasi ya kutafuna walichosikia. Nilitaka kumuuliza amejuaje, lakini jasho lilikuwa limeanza kunitoka mgongoni. Nikajaribu. Nilisema sentensi yangu, nikanyamaza, nikahesabu moja, na kabla sijafika mbili woga ulinipanda kutoka tumboni. Niliutambua. Ulikuwa woga wa mtoto wa miaka tisa anayemsikia mtu mzima akinyamaza na kuamini kwamba kuna kitu kibaya kimemshika.

Nimesoma hadi chuo kikuu. Najua kuwa kigugumizi si ugonjwa wa kuambukiza. Lakini kujua ni jambo moja, na mwili una mambo yake.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Nyakabanda, katika nyumba ambayo wazazi wangu waliinunua waliporudi kutoka Karagwe, Tanzania, walikokulia. Ndani tulisema Kiswahili, mlangoni kwa majirani tukabadilisha kuwa Kinyarwanda. Baba alikufa nikiwa na miaka minane, kwa ugonjwa mfupi ambao hakuna aliyenieleza jina lake. Miezi michache baadaye mdogo wake, Faustin, alifika kutoka Bujumbura na begi moja la nguo na sanduku la mbao lenye vifaa vya useremala. Akafungua karakana katika chumba cha mbele kinachotazama barabara. Nyumba nzima ikaanza kunuka gundi na vanishi, na mimi, niliyekuwa nimechoka na harufu ya mishumaa na maua ya msiba, nilimpenda siku ileile.

Kisha akafungua mdomo kunisalimia.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Alifumba macho. Kidevu chake kilivutwa upande mmoja kama kuna mtu anakivuta kwa kamba, mishipa ya shingo ikasimama, na sauti moja ikajirudia, h-h-h-h, mpaka neno likatoka kwa mkupuo: "Hujambo!" Baada ya hapo alisema vizuri kabisa, akaniuliza darasa langu na jina la mwalimu wangu. Alipomaliza akanyamaza. Alipotaka kuanza tena, kile kitu kikamshika tena.

Watoto wa jirani walinifundisha kumwiga. Nilikuwa hodari. Jumapili moja nikiwa uani nimefumba macho na kuvuta kidevu, shangazi Perpetua alinikamata sikio. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, anakaa Remera, na kila Jumapili alikuja na mkoba wake mweusi kuangalia tunavyoishi.

"Yewe! Unamwiga mwenye kigugumizi?" alisema. "Kitakuhamia, sha. Unadhani yeye alizaliwa nacho? Alikipata Karagwe kwa kumwiga mchunga ng'ombe mmoja. Endelea tu, utaona."

Kesho yake darasani niliambiwa nisome aya ya kwanza. Nilisimama, nikafungua mdomo, na neno halikutoka. Pengine ilikuwa sekunde moja. Kwangu ilitosha kabisa kuwa ushahidi.

Tangu utotoni sipendi kuogopa kitu bila kukichunguza, kwa hiyo nilianza kumchunguza baba mdogo. Niligundua kwamba hakukwama hata mara moja akiimba kanisani. Hakukwama katikati ya maneno yanayokimbia. Alikwama mwanzoni, mara tu baada ya kunyamaza. Nikafikia uamuzi: kigugumizi kinaingia kwenye nafasi kati ya sentensi na sentensi. Ukiacha nafasi wazi, kinapita. Usipoiacha, hakina njia. Hata leo nikiitazama hoja ile naona ilikuwa imepangwa vizuri kuliko nyingi ninazosikia ofisini.

Basi nikaziba nafasi zote. Nilianza kusema bila nukta wala mkato, nikivuta pumzi katikati ya maneno kama mtu anayeogelea. Mwalimu alipiga meza. "Wewe! Unasoma kama motari wa pikipiki anayemwahi abiria njiapanda ya Sonatubes!" Darasa likacheka. Sikujali. Wao walikuwa hawakai nyumba moja na kile kitu, hawakijui kinavyokaa mezani wakati wa chakula, kikingoja mtu anyamaze.

Mwaka huo Solange, dada yetu mkubwa, alipata mchumba. Kwetu posa haiishii sebuleni kwa wazee watatu na chai. Mahema mawili husimamishwa yakitazamana, upande wa binti na upande wa kijana, na kila upande huwa na msemaji wake aliyezoea kazi hiyo. Wanabishana saa nzima, mbili. Wenyeji wanajifanya hawamjui binti anayeombwa, au wanasema ameshaahidiwa mtu mwingine, na wageni wanabembeleza, wanatania, wanatoa zawadi. Wakati huo binti yuko ndani, haonekani. Yote ni mchezo isipokuwa neno la mwisho. Msemaji wa wenyeji humgeukia mkuu wa familia, na mkuu wa familia akisema tumewapa, basi wamepewa. Kabla ya hapo hakuna kitu.

Mama alitaka neno hilo liwe la baba mdogo.

"Faustin?" shangazi aliuliza, kikombe kikiwa mdomoni. "Bwana harusi ataota mvi pale kwenye hema."

"Ndiye baba yao sasa, wifi."

"Sikatai. Lakini mdomo wa familia si wa kujaribia. Kalisa yupo." Kalisa alikuwa binamu wao wa Rwamagana, mwenye viatu vya kung'aa, ambaye nilikuwa nimemwona mara mbili. Mara ya pili alisimama mlangoni mwa karakana, akapiga maranda kwa ncha ya kiatu na kusema kile chumba kingefaa duka. "Haya, asimame Faustin," shangazi alisema mwishowe. "Lakini akikwama mbele ya wageni, hata mara moja tu, mambo yote ya nyumba hii yanashikwa na Kalisa. Harusi, kiti cha kaka, chumba cha mbele, kila kitu. Tumeelewana?"

Mama akasema wameelewana. Nikamuuliza kwa nini asiseme yeye mwenyewe, kwa sababu mama akiita mtu Nyakabanda nzima inageuka. Nikaambiwa nikaoshe vikombe. Swali hilo bado sijajibiwa.

Baba mdogo alifanya mazoezi kila nilipotoka shule. Nilikaa juu ya rundo la mbao, yeye akipiga randa na kusema maneno yake. Akiwa anapiga randa maneno yalitoka. Sijui kwa nini. Mikono ilikuwa inampa mwendo. "Wageni wetu, mmeomba, tumesikia. Binti huyu alilelewa na kaka yangu." Hapo alisukuma randa mara moja kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho, polepole, utepe mrefu wa mbao ukijikunja na kuanguka. "Kwa niaba yake, tumewapa."

"Utaenda na randa kwenye hema?" nilimuuliza.

"Nitaificha ch-ch-chini ya koti," akasema, tukacheka wote.

Asubuhi ya siku yenyewe mama alinivuta jikoni. Alikuwa na unga mashavuni. "Utakaa kwenye mkeka nyuma ya kiti cha baba mdogo. Unayajua maneno yake. Akikwama, mnong'oneze. Polepole, watu wasione. Umenisikia? Akikwama tu."

Nilisema ndiyo. Nilitaka kumwambia kwamba nyuma ya kiti chake ndipo mahali pa hatari kuliko popote, kwamba kile kitu kikimtoka kitakutana na mimi kwanza. Lakini angeniuliza nimeyapata wapi, na ningelazimika kusema habari ya kumwiga.

Watu walijaa mahema yote mawili, wanawake wamevaa mishanana, vazi la sherehe la kufunga begani, wanaume na fimbo zao. Msemaji wetu, mzee mnene aliyeitwa Ladislas, alianza kwa kuuliza wageni kama gari lao limeharibika njiani na wanataka msaada wa kulisukuma. Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama shingo ya baba mdogo mbele yangu. Kola ilikuwa imembana na ukingo wake ulikuwa umelowa. Kila kicheko kilipokwisha nilihesabu kimoyomoyo kimebaki nini kabla ya zamu yake.

Ubishi ukaisha. Ladislas akainamisha kichwa. "Mimi ni mdomo wa kukodi," alisema. "Mwenye binti huyu hapa. Tumsikie yeye."

Baba mdogo akasimama. Pale mwanzoni, ambapo huwa kinamshika, hakikumshika. "Wageni wetu," alisema, kwa Kinyarwanda safi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nzito, isiyo na haraka. "Mmeomba, tumesikia. Binti huyu alilelewa na kaka yangu."

Akanyamaza.

Nilingoja. Hema la wageni lote lilikuwa linamtazama. Msemaji wao alikuwa ameshika kofia yake kifuani. Mtoto mmoja alilia na mama yake akamziba mdomo. Nilimwona Kalisa akimgeukia shangazi, na shangazi akatazama chini, akaanza kufungua na kufunga kitufe cha mkoba wake, tik, tik. Kutoka nyuma sikuweza kuona uso wa baba mdogo. Niliona tu masikio yake na mshipa mmoja wa shingo, na mshipa ule ulikuwa umesimama. Kimemshika, nikajua. Kimemshika mbele ya watu wote, na sasa Kalisa atachukua kiti na chumba na baba mdogo atarudi Bujumbura na sanduku lake, na kile kitu kimesimama hapo hewani kinatafuta pa kuingia, na mimi nimefunga mdomo, nimeacha nafasi.

"Tumewapa!" nilipiga kelele. "KwaniabayaketumewapatumewapaSolangemchukueni!"

Sikumbuki sekunde iliyofuata. Ninachokumbuka ni vigelegele. Hema la wageni liliruka zima. Msemaji wao alivuka uwanja mbio, akapiga magoti mbele yangu pale kwenye mkeka, kofia mkononi. "Asante, mama mkwe!" alisema. "Mmetuficha mkuu wa familia nyuma ya kiti siku nzima, kumbe ndiye huyu!" Ladislas akajaribu kusema huyo ni mtoto, haikusaidia. Wageni wakajibu kwamba neno limetoka nyumbani, halirudi. Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi.

Baba mdogo alikuwa bado amesimama, mdomo wazi kidogo. Alitazama mbele, kisha akageuka akanitazama mimi. Akatabasamu. Kisha akaketi.

Siku hiyo nilikuwa shujaa. Nilipewa Fanta mbili. Mama alinikumbatia akaniambia, "Umetuokoa, mwanangu," ingawa alikuwa analia. Hata shangazi alinipapasa kichwa. "Afadhali mtoto," alimwambia Kalisa nikiwa nimesimama palepale. "Tungekuwa bado tunangoja."

Kesho yake nilikwenda karakana. Sitaki kujifanya mwema: nilikwenda kushukuriwa. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi, hafanyi kitu. Nilisubiri aseme. Alifumba macho, kidevu kikavutwa upande.

"Si-si-si-sikukwama," alisema.

Nilimtazama. Niliona aibu kwa ajili yake, kwa sababu alikuwa amekwama katika neno lilelile la kukana.

"Ulinyamaza," nilisema.

"N-ndiyo."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Aliyepaswa kusema neno lile ni baba yako," alisema, na hapo maneno yakaja bila shida. "Nilitaka wakae kidogo waone kwamba hayupo. Wote, sisi na wageni. Kidogo tu. Kisha niseme kwa niaba yake." Akaokota utepe wa maranda sakafuni, akaunyoosha kwa vidole. "Nilikuwa naufanyia mazoezi m-mwezi mzima. Kimya kile."

Ndipo nikauona ule mpigo wa randa, mrefu, wa polepole. Nilikuwa nimeusikia kila siku nikidhani ni kazi tu.

Wengine hunyamaza wakitaka na kusema wakitaka. Yeye maisha yake yote kimya kilikuwa kinamkamata. Mara moja tu alikuwa amekichagua mwenyewe, na nilikipasua. Sikuweza kuyasema hivyo wakati ule. Nilichojua ni kwamba nilitaka siku ya jana irudi.

Jumapili iliyofuata shangazi alikuja na Kalisa. Tulikaa sebuleni sote: mama, Solange, baba mdogo pembeni karibu na mlango. "Tulielewana," shangazi alianza. "Simlaumu mtu. Faustin ni fundi mzuri. Lakini siku ya harusi atakayesimama kumkabidhi binti ni Kalisa. Na mengine yafuate."

Baba mdogo alitazama viatu vyake. Nilijua mama hawezi kubisha, kwa kuwa hata yeye aliamini nilichofanya kilikuwa uokozi.

Nikasimama. "Shangazihakukwamaalikuwaananyamazamakusudikwaajiliyababanamimindiyeniliye—"

"Huyu naye!" shangazi akacheka, na Kalisa akacheka. "Pumua kwanza, sha. Unafukuzwa na nani?"

Hakuna aliyesikia hata neno moja. Wote walikuwa wanatabasamu, wanangoja niketi. Nikaelewa kwamba itabidi niseme kama alivyosema yeye kwenye hema. Itabidi niache nafasi. Nilikuwa na hakika, kama ninavyojua jina langu, kwamba kile kitu kiko chumbani humo, kati ya kochi na meza, na kwamba mara nitakapofunga mdomo kitaingia na hakitatoka tena maisha yangu yote.

"Baba mdogo hakukwama," nilisema.

Nikafunga mdomo. Nilisikia bomba likidondosha maji uani. Tabasamu la shangazi likabaki pale peke yake, halafu likaondoka.

"Alinyamaza kwa sababu baba hayupo."

Nikangoja tena. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa mama alikuwa ananitazama.

"Mimi ndiye niliyemkatiza. Niliogopa."

Niliketi. Nilijaribu neno moja kwa kunong'ona, ndani ya kiganja, kuona kama bado nina sauti. Solange alikuwa ameinamisha uso.

Kisha baba mdogo akasimama. "N-n-n," alisema, na safari hii hakukuwa na shaka. Macho yalijifumba, kidevu kikaenda upande, mishipa ikasimama. "N-n-n-n." Shangazi alitoa ulimi kidogo, kama anavyofanya kila mara anapotaka kummalizia neno lake. Mama akaweka mkono juu ya goti la shangazi, naye akaacha. Kalisa alitazama simu yake, akaigeuza kifudifudi mezani. Mimi nililijua neno. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wangu, na woga wote wa kwenye hema ulikuwa umerudi ukiniambia niliseme, niliseme haraka. Nikauma mdomo. Tukakaa, watu watano, tukamngoja. Mama anasema haikufika hata nusu dakika. Mimi nakumbuka mchana mzima.

"Nitasimama mimi," alisema baba mdogo.

Shangazi alivuta mkoba wake, akaupakata, akamgeukia ndugu yake.

"Basi tafuta suti nyingine," alisema. "Ile ya juzi ilikubana shingoni."